Ugonjwa Huu ni wa Nani

Nchi ya Himila sikuwahi kuiona kwenye ramani ya darasani, ila mimi darasani sikukaa sana. Niliingia nchi hiyo na mke wangu Siwema, yeye akiwa mgonjwa wa moyo, mimi nikiwa sijui nimpeleke wapi. Moyo wake ulikuwa umetanuka. Akitoka chumbani kwenda uani alikuwa anasimama katikati, anashika ukuta, anajifanya anatazama kuku. Madaktari wa kwetu walikuwa wamesema yao, na mengi yalikuwa ya kunitaka niwe mvumilivu. Mimi ni fundi tofali. Uvumilivu ninao. Nilichotaka ni mke.

Jambo la kwanza la kujua kuhusu Himila ni kwamba kule ugonjwa unabebeka. Mgonjwa husimama mbele ya ofisa, ofisa humwekea kiganja mgongoni na kuuliza, "Ugonjwa huu ni wa nani?" Atakayejibu kwamba ni wake, unamwendea yeye. Wakijibu wawili, unagawanyika nusu kwa nusu. Wakijibu elfu, kila mmoja anapata chembe. Hautupwi wala haufukiwi. Homa hubebwa mpaka iishe, na moyo kama wa Siwema hubebwa maisha yote.

Kwa hiyo watu wa Himila hawabishani sana kuhusu dawa. Wanabishana kuhusu nani abebe. Kwa kuwa hawajakubaliana, nchi ina miji mitatu, kila mji na njia yake, na kila mmoja unaitazama ile mingine kwa huruma.

Tulianza na Kivyake, kwa sababu ndio wenye barabara nzuri.

Nje ya lango la hospitali yao wachukuzi wamekaa kwenye mabenchi, wanaume kwa wanawake, kila mmoja akitangaza anachoweza. "Homa zote, mama. Pumu ya mtoto nachukua." "Figo sibebi, msinisumbue." Kijana mmoja alikuwa amebeba jongo la matajiri watatu. Miguu yake ilikuwa imevimba kama maboga, na bado alikuwa anaita wateja. Ndani ya lango watu wanatembea wima, ngozi zinang'aa. Mtu wa huko akiamka vibaya, kabla chai haijapoa ameshapata mchukuzi na amesahau.

Alitupokea dalali aitwaye Fumbwe, mtu wa suti ya rangi ya maziwa na adabu nyingi.

"Moyo ni mzigo mkubwa, bwana," akasema. "Kwa moyo, wachukuzi wetu hutaka mikono."

"Mikono ipi?"

"Yako. Utawafyatulia tofali mpaka uzeeke. Si adhabu, ni makubaliano."

"Na mtu asiye na kitu cha kutoa?"

"Huyo tunamsikitikia. Tuna siku yake kila mwaka, na pilau inapikwa."

Nilikuwa tayari. Nilishamwambia alete mchukuzi, na akamleta msichana wa umri wa binti yetu, anayehema kama aliyetoka kukimbia. Siwema akamtazama sana.

"Mwanangu, huo unaohema nao ni wako?"

"Shikamoo, mama. Ni wa bwana mmoja wa benki."

"Marahaba. Na wangu utauweka wapi?"

"Upande wa kulia, mama. Nafasi ipo."

Siwema akafunga kanga yake vizuri. "Baba Shani, twende," akaniambia.

Fumbwe akatufuata mpaka langoni, hakukasirika. "Hakuna aliyemlazimisha, mama. Amekubali mwenyewe."

"Amekubali kwa nini?" nikamuuliza.

"Sababu zake si kazi yangu, bwana. Mimi nashughulika na kukubali."

Nilimgombeza Siwema njia nzima. Nilimwambia wazi kwamba huruma itamuua. Akasema ikimuua, basi imuue akiwa anahema kwa kifua chake mwenyewe. Hatukusemeshana tena mpaka Ngojea.

Ngojea ni mji wa haki, nao watakwambia hivyo kabla hujauliza. Pale wapo wabebaji wa serikali, wenye sare za kijani, wanaolishwa vizuri na kubeba ugonjwa wa mtu yeyote bila kumdai chochote. Tatizo ni kwamba ni wachache. Wagonjwa wanangojea kwenye ukumbi mkubwa kuliko soko la kwetu, na anayetangulia ni yule mwenye ugonjwa mzito zaidi. Nilimwona mkuu wao wa wilaya na jipu lake amekaa nyuma ya mchunga mbuzi, na mchunga mbuzi hakusogea hata kidogo. Kwa hilo niliwavulia kofia. Kwetu mchunga mbuzi angekuwa nje, anashika mwavuli.

Mpimaji, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimpandisha Siwema kwenye mizani yao ya magonjwa.

"Mwepesi," akasema.

"Hafiki mlangoni bila kusimama."

"Walio mbele yake hawawezi kukaa, baba."

"Kwa hiyo tufanye nini?"

"Ngojeni azidiwe."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Jirani yetu wa benchi alikuwa mzee mmoja na wanawe. Asubuhi moja mzee yule akageuza macho, akaanza kukoroma vibaya, na wanawe wakaruka kwa furaha. Watu wakaja kuwapa mikono.

"Hongereni, mzee amezidiwa."

"Tunashukuru. Juzi alitutia wasiwasi sana, alipata nafuu."

Mzee alipandishwa mizani, akasogezwa mbele mpaka nafasi ya pili, akafia hapo. Mpimaji alikuja kuwapa pole. Alisema wengi hufa wakiwa wa pili, na kwamba mji unawaheshimu sana, majina yao husomwa kwenye sherehe. Nikamuuliza kwa nini wasiongeze wabebaji.

"Ombi hilo lipo," akasema. "Nalo limo kwenye foleni."

Sikutaka kuwacheka. Mtu akinyimwa kwa zamu anaumia kama aliyenyimwa kwa dharau, lakini walau hakutukanwa. Ila benchi lile linambadilisha mtu. Mchana mmoja Siwema alikohoa kikohozi cha ajabu, midomo ikabadilika rangi, nami nikajikuta nimesimama namwita mpimaji huku natabasamu. Siwema aliliona tabasamu. Akaniacha mpaka nikakaa.

"Haki hapa ipo," akasema. "Pumzi ndiyo haipo. Tuondoke kabla hujanipa hongera."

Mji wa tatu ni Bega. Watu huufikia wakiwa wameshajaribu kwingine, kwa sababu sifa zake si nzuri. Kivyake wanasema Bega hakuna mtu mzima hata mmoja. Ngojea wanasema Bega hakuna utaratibu. Yote mawili yana ukweli.

Pale ofisa anaitwa Mgawaji. Jina lake Sururu, mrefu, amechoka, ana mikono ya mtu aliyezoea kugusa migongo ya watu. Alitueleza sheria bila kuipamba. Mgeni anapokelewa kama mwenyeji, kwa sharti moja: ukiingiza mzigo wako, na wewe unaingia chini ya mizigo ya wote. Nikasema sawa. Akamsimamisha Siwema katikati ya soko, akamwekea kiganja mgongoni, akauliza kwa sauti ugonjwa huu ni wa nani.

"Wetu," soko likajibu. Hawakuacha hata kazi zao. Muuza nyanya alijibu huku anapanga nyanya, kinyozi huku anamnyoa mtu kisogo, kama watu wanaoitikia salamu.

Nikamsikia Siwema anavuta pumzi mpaka mwisho. Nilikuwa nimesahau kwamba pumzi yake ina mwisho wa mbali namna ile. Akanyoosha mgongo, akatazama huku na huku kama mtu aliyetua ndoo. Na mimi papo hapo nikapokea yangu: goti la kulia likaanza kunung'unika, jino ambalo halikuwa langu likagonga, tumbo likachafuka kidogo. Kifuani nikahisi kitu kinabana, kidogo kama kifungo cha shati. Hicho kilikuwa kipande changu cha moyo wa mke wangu.

Tulipanga kwa Bi Tunu, mjane anayeuza mihogo ya kuchemsha. "Karibuni," alisema. "Chumba kina panya, lakini wazima, hawatawaongezea maradhi."

Maisha ya Bega ni ya kukohoa pamoja. Kikohozi kinaanzia mtaa wa juu, kinashuka mpaka mtoni, halafu watu wanaendelea na mazungumzo pale pale walipoishia. Siku moja nilikuwa sokoni, ghafla soko zima likanyamaza. Muuza samaki akashika nguzo. Wanaume wawili waliokuwa wanagombania baiskeli wakashikana mabega. Kiuno changu nacho kikakaza, sijawahi kusikia kitu kama kile.

"Ni nani huyo?" mmoja akauliza, meno yamebana.

"Binti wa fundi saa. Mimba ya kwanza, atatuchelewesha."

Kilipolegea wakaendelea kugombania baiskeli, kisha wakashikana tena. Mtoto alipozaliwa wanaume wasiomjua hata baba yake walipeana mikono, mashati yamelowa jasho. Ndiyo maana Bega hakuna mwanamume anayemwambia mkewe kwamba anajidekeza.

Lakini watu wale walikuwa wamechoka. Mtu anavumilia maumivu yake kwa sababu anayajua yalikotoka. Ya wenzake anataka kwanza kujua waliyapataje. Msemaji wa waliochoka alikuwa Ngwali, muuza mbao, mtu wa kifua kipana aliyejisifu kwamba hajawahi kuugua ugonjwa wake mwenyewe.

"Goti hili si langu," alikuwa anasema kwenye Baraza la mji, akijipiga goti. "Ini hili si langu. Nikifa nitakufa kwa magonjwa ya watu, na kaburini nitalala na aibu ya kumfia mlevi."

Watu walicheka. Mara ya pili aliposema hawakucheka, walitikisa vichwa. Alikuwa anapeleka mbao Kivyake, na alikuwa amewaona watu wanaotembea wima. Wale waliokaa nje ya lango hakuwataja.

Kamati ya Mizigo ikaleta hoja: walevi wabebe maini yao. Mlevi aliyejulikana kuliko wote, Shomvi, aliomba kusema. Alikuwa mpagazi wa magunia, mrefu na mwenye sauti ya kukwaruza.

"Ini ni langu, sikatai," akasema. "Lakini nimezaa na wake zenu wote, waheshimiwa. Uchungu wa watoto wenu nimeubeba tangu sijaota ndevu. Hilo nalo mtanirudishia?"

"Kaa chini, Shomvi, unanuka."

"Nanuka, lakini nina mgongo."

Mikono ikainuliwa. Mara tu Sururu alipowatoa walevi, mji mzima uliona tofauti. Tumbo langu likatulia. Watu walikuwa wanatembea barabarani wanacheka bila sababu, na Ngwali akabebwa juu juu.

Nafuu ile haikudumu. Walevi wengi walikuwa wapagazi, watu wa migongo mipana, na walipotoka na maini yao walitoka pia na migongo yao. Vipande walivyokuwa wanawabebea wengine vikawarudia waliobaki. Uchungu wa kuzaa ukawa mkali zaidi, na goti langu likaacha kunung'unika, likaanza kulia. Nikamfuata Sururu.

"Mmetoa mizigo," nikamwambia, "lakini mmetoa na mabega."

"Najua," akasema. "Kila mtu pale anajua. Mizigo ina kamati yake na mabega yana kamati yake. Kamati ya Mizigo haiwezi kuzungumzia mabega, ni kuingilia kazi ya wenzao."

"Na Kamati ya Mabega inasemaje?"

"Haijakutana tangu paa la ukumbi wao lianze kuvuja. Ombi la paa ni mzigo, liko kwa wale wengine."

Kwa hiyo Kamati ya Mizigo, ilipoona uzito umeongezeka, ilitafuta aliyeuongeza kati ya wagonjwa waliobaki, ikawaona wazee. Wazee wana migongo mibovu, macho mabovu, na tena wameshaishi. Wakatolewa. Wiki ile tulipumua vizuri sana. Kisha watoto wa mji wakaanza kulia kwa namna mpya, kwa sababu wale wazee, pamoja na migongo yao mibovu, ndio waliokuwa wamebeba sehemu kubwa ya homa za watoto bila kulalamika, na hakuna aliyejua mpaka walipoacha.

Kwangu mimi kila kura ilikuwa pumzi ya Siwema. Watu wakipungua, kipande chake kinakua. Kifungo cha shati kifuani mwangu kikawa kama kokwa ya embe. Nilimwona Siwema anaanza tena kusimama katikati ya uwanja. Bi Tunu hakufuga kuku, kwa hiyo safari hii Siwema alijifanya anatazama sufuria. Nikawa namsikiliza anavyopumua, kwa sikio moja, wakati wote, hata nikizungumza na watu. Nilikuwa nakosea hesabu za tofali nilizokuwa nafyatua kwa kibarua. Mtu akiinua mkono barabarani kumsalimia mwenzake, mimi moyo unanilipuka nikidhani wanapiga kura.

Hoja ya tatu ilikuwa ya kuwatoa wageni. Tulikuwa wachache, na wageni Bega wanabeba lakini hawapigi kura. Nikaomba kusema, nikaambiwa wageni husikilizwa na Kamati ya Mabega.

Basi nikaenda kwa Ngwali mwenyewe, kwenye karakana yake. Nilikwenda na hasira, nilikuwa nimeshapanga matusi. Nikamkuta peke yake, amekaa juu ya ubao aliokuwa apige randa, anafuta jasho.

"Kaa, fundi," akasema. "Umekuja kwa ajili ya mkeo."

"Akirudishiwa moyo wake mzima atakufa. Hafiki jioni."

"Mimi sina chuki na mkeo. Mke wangu ananunua mihogo pale mnapokaa, anasema ni mtu wa maana."

"Basi mwondoe kwenye hoja."

Aliokota randa, akaiweka tena chini. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayemwambia mganga, "Ninachoka nikipanda ngazi. Zamani nilikuwa nazipanda na ubao begani. Sasa nafika katikati kifua kinanibana. Sijui kama ni kipande cha mkeo au ni mimi."

"Na kama ni wewe?"

Akachukua futi yake akaupima ubao aliokuwa ameshaupima. "Mkitolewa nitajua," akasema.

Matusi yangu yote niliondoka nayo. Ningeweza kubishana na mtu mbaya. Huyu alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa imepata wingi wa kura.

Hoja ilipita. Mikono haikuinuka kwa haraka kama ile ya kwanza, iliinuka mmoja mmoja, kila mtu akimwangalia jirani, lakini ilitosha.

Siku ya kurudishiwa tulisimamishwa sokoni pale pale. Wageni wengine walikuwa na vitu vidogo, mwenye chunusi alichukua chunusi zake, mwenye kipandauso akachukua chake akashika kichwa na kuondoka. Siwema alikuwa wa mwisho. Alikuwa amevaa kanga zake nzuri. Asubuhi alikuwa ameniagiza nani apewe vyombo vyake, nami nilikataa kusikiliza, nikatoka nje nikatembea kuzunguka nyumba.

Sururu akamwekea kiganja mgongoni. 

"Ugonjwa huu ni wa nani?"

Siwema alifungua mdomo. "Wangu," nikasema mimi.

Akanigeukia, amekasirika kweli. "Usiwe mjinga, Baba Shani. Wangu."

"Wangu," nikarudia.

 Ngwali akasimama akasema sheria inamtaja mwenye ugonjwa, mtu mmoja tu. Sururu akamjibu kwamba sheria inamtaka yeye aulize, na haimpi ruhusa ya kumwambia mtu kwamba ameongopa.

Hapo Bi Tunu akatua sinia lake la mihogo chini. "Basi na wangu."

"Bi Tunu," Sururu akasema, "elewa. Huu haugawiwi tena na Baraza. Mmoja wenu akianguka, chake kinawaangukia waliobaki. Hakuna wa kuwasaidia isipokuwa atakayesimama mwenyewe kama hivi na kusema ni wake."

"Mwanangu, fanya haraka, mihogo inapoa."

Sauti ya kukwaruza ikatoka nyuma ya uzio, walikokaa waliotolewa. "Na wangu."

"Shomvi, wewe ini lako tu linakushinda," Bi Tunu akamwambia bila kugeuka.

"Ndiyo, Bi Tunu. Linahitaji mwenzake wa kuzungumza naye."

Sururu akauliza mara ya mwisho. Aliwatazama watu wote, polepole, kuliko sheria inavyotaka. Walikuwa watu wale wale waliojibu siku ya kwanza bila kuacha kupanga nyanya. Wengine walitazama miguu yao. Binti wa fundi saa, mtoto mgongoni, alikuwa analia, lakini hakusema. Siwalaumu. Mwezi ule kila mmoja alikuwa na zaidi ya alichozoea.

Akaondoa kiganja. Mzigo ulinishukia kama gunia la saruji linalotupwa kutoka juu ya lori. Niliona soko linageuka jeusi, nikapiga goti. Bi Tunu alikaa juu ya sinia lake. Siwema aliyumba, akanishika shingo, akabaki amesimama, na nikasikia pumzi yake: fupi, nzito, lakini inakwenda na inarudi. Watu wa soko wakapumua kwa nafuu. Nilipoinua kichwa nilimwona Ngwali amesimama peke yake, ameweka mkono kifuani. Wenzake walikuwa wanapongezana, na yeye hakuutoa.

Tumerudi kwetu. Siwema anapika, anakwenda kwa jirani na kurudi, akipumzika njiani. Mimi sifyatui tena peke yangu, nimeajiri wa kusukuma toroli. Watu hunitembelea na kuniuliza ni mji upi kati ya ile mitatu una nafuu kwa mtu wa kawaida. Wanataka jibu la kuondoka nalo. Nawauliza kwanza kama wao ni wazima, na wengi hapo huaga.

Habari za Himila hazifiki huku. Kwa hiyo kila siku nikiamka, kabla sijamsalimia mke wangu, natulia kitandani na kusikiliza kifua. Mzigo ukiwa umeongezeka, maana yake Bi Tunu amekufa, au Shomvi, na sitajua ni yupi. Naogopa dakika ile kuliko kitu kingine chochote katika siku yangu. Nikishaipita ndipo naweza kula.

Asubuhi moja wiki hii niliamka, nikasikiliza, na jasho likanitoka, kwa sababu uzito haukuwa ule wa jana. Nikavuta pumzi nikaupima tena. Nikavuta nyingine. Ulikuwa umepungua. Mzigo wa namna hii haupungui wenyewe, na njia ya kuupunguza ni moja tu: mtu kule Bega amekwenda kwa Sururu, kwa miguu yake, akasema moyo wa mwanamke yule mgeni na wake pia.

Nikamwamsha Siwema. Alikuwa macho.

"Nimesikia tangu alfajiri," akasema. "Nilinyamaza. Niliogopa nikisema uzito utarudi."

"Ni nani?"

"Nitajuaje? Lakini mimi naona ni wawili."

"Mmoja," nikasema. "Kwangu uliopungua ni kama wa mmoja."

"Wawili, Baba Shani. Nyamaza usikilize."

Tukakaa ukingoni mwa kitanda bega kwa bega, tukivuta pumzi taratibu, tukingoja kama kuna mwingine.